Biashara ya kualika watu nyumbani na kuwauzia: ina faida kweli au tunahesabu vibaya?

#1 MamaNuru_Segerea
Habari wakuu.

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwa jirani yangu wa zamani aliyehamia Mbagala. Ujumbe wake ulisema "njoo tunywe chai, kuna vitu vizuri vya kuona". Tulikuwa wanawake kama kumi na tano, sebule imejaa, wengine tumekaa mkekani barazani. Mezani alipanga hotipoti, mashuka na mapazia.

Asubuhi alikuwa amesonga ugali akaufungia kwenye hotipoti. Saa kumi jioni akaufungua mbele yetu, mvuke ukapanda. Kisha akachukua beseni jeupe, akachovya ncha ya shuka jekundu, akaisugua kwa sabuni. Maji yakabaki meupe. Baada ya hapo ilikuwa "nipe mbili", "mie niandikie". Ndani ya saa mbili daftari lake lilisoma mauzo ya 640,000.

Sasa ananishawishi nami nianze. Nina 800,000 niliyopokea kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu na sina nyingine nyuma yake. Wenye uzoefu naomba mniambie, mkishafunga hesabu mnabaki na nini mkononi? Sizungumzii mauzo, nazungumzia faida.

#2 Mahesabu_ya_Jioni
Aliandika 640,000 au alishika 640,000?

#3 MamaNuru_Segerea
Kusema kweli hela taslimu sikuziona nyingi. Watatu walilipa kwa simu, mmoja alitoa noti. Wengine ni majina tu kwenye daftari.

#4 DadaMashuka
Mleta mada, nimefanya hii kazi mwaka mzima, nakuwekea hesabu ya siku moja kama ilivyo kwenye daftari langu.

Shuka la sita kwa sita nachukua Kariakoo kwa 18,000, nauza 28,000. Siku hiyo walikuja wageni 14, walionunua ni 9, zikatoka pisi 17. Mauzo 476,000. Mzigo uliouzwa ulinigharimu 306,000. Hapo inaonekana faida ya 170,000, na usiku ule nililala nikiwa na furaha.

Matumizi sasa. Kuku wawili 24,000. Mchele kilo nne 12,000. Soda kreti moja 15,000. Mafuta, vitunguu na viungo 10,000. Mkaa 3,000. Bajaji ya kuleta mzigo 12,000. Shuka moja la zawadi kwa mwenye nyumba, maana nilifanyia kwa rafiki, 18,000. Jumla 94,000. Imebaki 76,000.

Katika zile pisi 17, zilizolipwa papo hapo ni 7. Pisi 10 zilikwenda kwa mkopo. Miezi mitatu imepita, wadaiwa wawili wenye pisi 3 hawajalipa, yaani 84,000. Toa kwenye 76,000. Nina hasara ya 8,000, na bado sijahesabu siku mbili nilizotumia kupika, kupanga na kufua vyombo.

#5 Kaka_wa_Ubungo
Mimi nimeshaalikwa pamoja na mke wangu kwenye hizi shughuli mara sita, nimekula pilau mara sita na sijanunua hata leso.

#6 BintiPangani
#5 kumbe wewe ndiye uliye kwenye mstari wa kuku wa DadaMashuka. Lipa deni la watu.

#7 Fundi_Seremala
DadaMashuka, pole, ila kwenye hesabu yako umejipunja. Zile pisi tatu hujapoteza 84,000. Umepoteza 54,000 ulizonunulia. Ile 30,000 ya juu haikuwahi kuingia mfukoni mwako, sasa unaihesabuje kuwa hasara? Toa 54,000 kwenye 76,000, umebaki na faida ya 22,000.

#8 Mahesabu_ya_Jioni
#7 hapana, hapo ndipo wengi wanapojifariji. Ile 76,000 ilishahesabu kwamba pisi zote 17 zimelipwa, kwa hiyo ile 30,000 imo ndani yake. Itoe kwanza, inabaki 46,000. Kisha toa mtaji uliozama, 54,000. Unarudi kulekule, hasara ya 8,000. DadaMashuka yuko sahihi.

#9 Fundi_Seremala
Nimeipiga upya kwenye karatasi. Sawa, nimekubali. Ila hilo linaonyesha tatizo ni mkopo, biashara yenyewe haina kosa.

#10 DadaMashuka
Fundi, ukikataa mkopo unauza pisi 7. Pisi 7 ni faida ya 70,000, na matumizi yangu ni 94,000. Wanawake wa mtaani kwetu hawana 28,000 tarehe 14 ya mwezi. Wanayo tarehe 28.

#11 Msomi_wa_Kijiweni
Ngoja niwakumbushe ilikoanzia. Earl Tupper wa Marekani alianza kuuza vyombo vyake vya plastiki mwaka 1946, akabuni na hii ya kualika watu nyumbani, akawa tajiri. Mfumo umefanya kazi miaka mingi, kwa hiyo suala la faida halina mjadala. Tatizo ni sisi hatuufuati.

#12 Mwalimu_Mstaafu
Msomi, naomba nikusahihishe kwa heshima. Tupper alibuni vyombo, hakubuni mikutano. Vyombo vyake vilikaa kwenye maduka bila kwenda, kwa sababu mnunuzi alikuwa hajui mfuniko unavyofungwa. Ulipaswa kuubonyeza katikati ili hewa itoke ndipo ushike. Nani atakuonyesha hayo dukani?

Aliyevitoa ni mama mmoja wa Detroit, Brownie Wise, aliyekuwa akilea mtoto peke yake. Kabla ya hapo alikuwa akiuza bidhaa za usafi za Stanley Home Products, na hao walikuwa wakiuza kwa kukusanya akina mama nyumbani tangu miaka ya 1930. Alipovishika vyombo vya Tupper akaviuza kwa njia hiyohiyo, Tupper akaona mauzo yake, na mwaka 1951 akaviondoa madukani kabisa akamkabidhi yeye idara ya mauzo ya nyumbani. Mwaka 1954 picha yake ilikuwa kwenye jalada la Business Week, mwanamke wa kwanza kuwekwa hapo. Mwaka 1958 alifukuzwa. Hakuwa na hisa hata moja kwenye kampuni aliyoinyanyua. Tupper akaiuza kampuni mwaka huohuo kwa mamilioni.

Jambo hili huniuma kila ninapolikumbuka. MamaNuru, ukiuliza faida, uliza pia ni ya nani.

#13 Msomi_wa_Kijiweni
Asante Mwalimu, nimepokea.

#14 Ngosha_Mbeba_Mzigo
Na kampuni hiyohiyo ya Tupper iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Septemba 2024. Kama wenye mfumo wamefilisika, MamaNuru na 800,000 yake atafika wapi? Nunua friji ndogo uuze barafu na juisi.

#15 Mahesabu_ya_Jioni
#14 usichanganye. Walikuwa na deni la zaidi ya dola milioni 700, na vyombo vya plastiki vyenye mfuniko vinapatikana kila kona kwa bei ya chini. Mwaka 2022 walikuwa wamesharudi kuuza madukani, kwenye Target. MamaNuru hana deni la dola. Deni lake litakuwa la mama Asha wa nyumba ya tatu.

#16 Ngosha_Mbeba_Mzigo
Deni la mama Asha ni gumu zaidi. Benki huionei haya.

#17 BintiPangani
Hapo kwenye haya ndipo penyewe. Mimi naamini faida yote ya hii biashara inatoka kwenye haya ya mgeni. Umekaa kwenye kochi la mtu, umekula chakula chake, watoto wake wamekuamkia shikamoo. Utatokaje bila kununua? Nina mapazia mawili kabatini ambayo hayalingani na dirisha lolote nyumbani kwangu. Nilinunua kwa sababu mwenyeji alikuwa wifi yangu.

#18 Mwalimu_Mstaafu
BintiPangani, kuna watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Frenzen na Harry Davis, walilichunguza hilo na kuliandika mwaka 1990. Waliona kwamba ukaribu wa mgeni na mwenyeji ulikuwa na nguvu mara mbili kuliko kuipenda bidhaa yenyewe katika kumfanya mtu anunue. Ndiyo maana kampuni hizo humtaka mwenyeji awe mtu mwingine na si muuzaji. Muuzaji anaonyesha, mwenyeji analeta mapenzi.

#19 Shangazi_Zuu
Mwalimu umesema kweli lakini si yote. Mimi nimeuza hotipoti Temeke miaka minne. Haya inamleta mgeni mara ya kwanza. Mara ya pili haji, anasema ana msiba. Kinachomrudisha ni kuona kitu kinafanya kazi. Ule ugali wa saa kumi aliousimulia MamaNuru ndio uliouza, haya haikuwa na kazi hapo. Duka gani Kariakoo litakusongea ugali?

#20 Mkimbizi_wa_Riba
Nami nichangie yaliyonikuta, ili mtu asiingie nilikoingia.

Nilialikwa nyumbani kwa mtu hivihivi, chai na keki. Mezani kulikuwa na virutubisho na sabuni. Mwisho wa maelezo bidhaa ziliwekwa pembeni, likaja karatasi lenye miduara, wewe juu, watu chini yako, na chini yao wengine. Nikatoa 480,000 ya kununua boksi la kuanzia. Kila mwezi nilitakiwa ninunue tena kiasi fulani ili niendelee kuhesabika. Nami nikaanza kualika watu kwangu. Nilimwingiza shemeji yangu, naye akakopa kausha damu, mkopo wa riba kali, ili alipie boksi lake.

Miezi saba. Nilichouza kwa mtu wa nje kabisa ni sabuni tano na dawa ya meno. Maboksi yaliyobaki yalikaa chini ya kitanda mpaka yakaisha muda. Shemeji hatukuongea mwaka mzima. Sitaitaja kampuni. Ila MamaNuru, ukialikwa ukaona bidhaa zinasogezwa pembeni na karatasi inaletwa katikati, chukua mkoba wako.

#21 Kaka_wa_Ubungo
Pole sana. Hiyo ni DECI nyingine.

#22 Mwalimu_Mstaafu
Kaka, DECI ya 2009 haikuuza kitu. Watu walipanda mbegu ya fedha wakingoja kuvuna, mpaka serikali ikaingilia. Alichoeleza #20 kina bidhaa, ndiyo maana ni vigumu kukikamata. Huko Marekani tume yao ya biashara, FTC, mwaka 1979 iliamua kwamba Amway si piramidi, kwa kuzingatia kanuni ilizojiwekea kama vile kurudisha bidhaa zisizouzwa na kuwauzia wateja wa nje. Tangu hapo kampuni nyingi zimejificha nyuma ya uamuzi huo.

Lakini mwaka 2024 watumishi wa tume hiyohiyo walipitia taarifa za mapato 70 za kampuni za namna hii. Katika nyingi, wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, yaani hazifiki 84 kwa mwezi. Na taarifa nyingi hazikutoa gharama. Kreti ya soda ya DadaMashuka haimo.

#23 Fundi_Seremala
Kwa hiyo tukubaliane: bidhaa yako mwenyewe ni salama, ya kampuni ya miduara ni hatari?

#24 DadaMashuka
Mimi nilikuwa na bidhaa yangu mwenyewe na nikapata hasara ya 8,000. Tusikubaliane haraka.

#25 Mwanaidi_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Nyote mwauza vitu visivyoisha, hapo ndipo mnapokwama. Shuka mtu akinunua leo, atanunua tena baada ya miaka miwili. Hotipoti ndiyo zaidi. Wageni wako kumi na tano ukishawauzia, umewamaliza.

Mimi natengeneza buhuri nyumbani. Vipande vya udi, sukari, marashi ya mawaridi na mafuta ya kunukia, napika taratibu huku nakoroga, nikiacha moto ukapanda sukari inaungua na sufuria nzima imepotea. Kopo moja lanigharimu kama 140 za Kenya, nauza 300. Mara moja kwa mwezi, Alhamisi baada ya alasiri, akina mama waja kwangu. Naweka chetezo, naanza na ile ya bei ya chini, kisha ile nzuri. Kahawa na kashata hazizidi 600. Nikiuza makopo 25, faida ni 4,000, toa 600, nimebaki na 3,400. Mwezi ujao ni watu walewale, kwa sababu ya mwezi uliopita imekwisha chetezoni. Deni ni kopo moja tu kwa mtu, hujalipa hupati la pili.

#26 Shangazi_Zuu
Mwanaidi, hiyo nimeipenda. Lakini pwani udi ni lazima ya nyumba. Bariadi utauza kwa nani?

#27 Mwanaidi_Kisauni
Bariadi tafuta chao kinachoisha. Mimi siwezi kukujulia.

#28 Ngosha_Mbeba_Mzigo
Nimezaliwa Bariadi. Mafuta ya kupaka na losheni vinatoka kila wiki. MamaNuru aingie kwenye vipodozi, akajisajili TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, basi.

#29 Mwalimu_Mstaafu
TFDA haipo tena kwa jina hilo. Tangu 2019 ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Vipodozi na chakula vimehamia TBS, shirika la viwango. Na tafadhali, losheni za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku. Ukimuuzia mtu sebuleni kwako akaharibika uso, anajua unapoishi.

#30 Kijumbe_Mbezi
Nimesoma toka juu, hakuna aliyegusa siku ya kufanya. Mimi ni kijumbe wa mchezo wa watu ishirini, kila mmoja anatoa 50,000 kwa wiki, anayepokea anashika milioni moja. Jumapili ya kupokeana tunakutana nyumbani kwa mtu. Muuzaji akiniomba namruhusu aje baada ya hela kukabidhiwa. Aliyepokea analipa taslimu palepale, na wengine wanaagiza wakijua zamu yao ni lini. Anayetaka kukopa, tunaandika zamu yake, na siku akipokea namkata kabla sijampa zilizobaki, kwa makubaliano mbele ya wote.

Muuzaji wa vyombo anayekuja kwetu hapiki chochote. Chai ni ya mchezo. Anatoa tu nauli na zawadi ndogo kwangu.

#31 DadaMashuka
Kijumbe, kwa nini sikukujua mwaka jana?

#32 Mkimbizi_wa_Riba
Kijumbe, swali bila nia mbaya. Yule anayepokea milioni alikuwa amepanga ada ya mtoto au bati za nyumba. Mnamwekea meza ya vyombo mbele yake siku ameshika hela, na wenzake kumi na tisa wanamtazama. Faida ya muuzaji naiona. Ya huyo mama siioni.

#33 Kijumbe_Mbezi
Hoja yako nimeipokea. Kwetu ni watu wazima, ila nitaipeleka kikaoni.

#34 Baba_Wawili_Kimara
Naongea kama mume. Mke wangu alifanya hii ya mapazia na vijora. Jumapili ya kwanza ilikuwa raha. Ya nne, watoto hawana pa kukaa, sebule ni gulio, mimi nashinda kwa fundi baiskeli mpaka saa moja usiku. Sikuona hela, niliona daftari. Siku moja niliingia jikoni nikamkuta analia kwa sababu dada yake mwenyewe amemzimia simu juu ya deni la vijora viwili. Tulikaa tukafuta deni lile, nikampigia shemeji mwenyewe kumwambia yamekwisha. Kwenye hesabu za Mahesabu, hilo unaliweka mstari gani?

#35 Mahesabu_ya_Jioni
Sina mstari wa hilo, mkuu. Umefanya vema kupiga ile simu.

#36 Fundi_Seremala
Tena siku hizi simu inaua hii biashara waziwazi. Mdogo wangu aliuza mashuka kwake Kigamboni. Mgeni kapiga picha ya shuka palepale kwenye kochi, kamtumia binamu yake Kariakoo, jibu limerudi kabla soda haijaisha: "hilo 18,000". Sebule nzima ikajua.

#37 Shangazi_Zuu
Na mimi nimekutwa na hilo. Nilimwambia yule binti mbele ya wote: ndiyo, nimenunua 24,000, nakuuzia 35,000, na mfuniko ukilegea ndani ya miezi sita unarudisha kwangu, huendi Kariakoo kugombana na mtu asiyekukumbuka. Alinunua. Ukificha bei ya jumla ndipo unapoaibika.

#38 MamaNuru_Segerea
Asanteni wote. Wiki tano zimepita tangu nianzishe uzi, nimeona nirudi na hesabu yangu.

Sikufanyia kwangu, nilifanyia kwa rafiki yangu Kinyerezi, tarehe 27. Sikupika pilau, ilikuwa chai na vitumbua, 17,000. Usafiri 10,000. Mwenyeji nilimpa hotipoti moja ya 24,000. Wageni 11, hotipoti zilizotoka 14 kwa 35,000, yaani 490,000, na nilizinunua kwa 336,000. Ugali niliusonga saa mbili asubuhi. Saa tisa nilipofungua mkono ulikuwa unanitetemeka, lakini ulikuwa wa moto.

Nikitoa yote nabaki na 103,000. Taslimu ni hotipoti 9, tano ni za mkopo mpaka mwisho wa mwezi huu. Sikumkopesha ndugu hata mmoja, hilo nimelitoa kwa Baba Wawili.

#39 Mahesabu_ya_Jioni
Hongera. Ila usiseme umebaki na 103,000. Umeshika 315,000 na umetoa 387,000. Leo hii uko chini kwa 72,000. Zikilipwa tatu kati ya hizo tano ndipo unavuka, unakuwa na 33,000.

#40 Kijumbe_Mbezi
Mimi naona amefanya vizuri kwa mara ya kwanza. Mwenyeji wa pili umempata?

#41 MamaNuru_Segerea
Wawili wamejitokeza palepale, mmoja Tabata Kimanga, mwingine Gongo la Mboto. Wa Gongo la Mboto anataka asilimia badala ya hotipoti, sijui nimpe ngapi.

#42 DadaMashuka
Usimpe asilimia ya mauzo. Mpe ya zile zilizolipwa tu.

#43 Fundi_Seremala
Hapo sikubaliani. Mwenyeji kazi yake ni kuleta watu, kudai si kazi yake.

#44 DadaMashuka
Aliyewaleta ndiye anayejua wanapokaa, Fundi.

#45 Kaka_wa_Ubungo
MamaNuru, zile za lita 5 zimebaki? Niko jirani na Kinyerezi siku za kazi. Nalipa taslimu.